Tukakodi Gari, Tukaangalia Udongo

Kwetu Naitiri, magharibi mwa Kenya, likizo hufuata mahindi. Tunapanda Machi mvua ikikubali, tunapalilia, tunavuna Oktoba na Novemba, halafu kuna kupukuchua, kuanika na kubishana na madalali wa Kitale na Moi's Bridge kuhusu unyevu wa punje. Mtu akisema anataka kupumzika mwezi wa Mei, majirani watauliza kama anaumwa. Ndiyo maana mimi na mume wangu tulifika Unguja Desemba, wakati wa kaskazi, jua likichoma na hoteli za pwani ya mashariki zikiwa zimejaa Wazungu waliokimbia baridi ya kwao.

Watoto wetu wakubwa ndio waliochanga nauli. Walitaka tukae ufukweni, tunywe madafu, tutume picha. Baba yao alikubali safari kwa sharti moja, kwamba tukodi gari. Alisema hajalima miaka yote hii ili aje kubebwa na kuteremshwa kama mzigo, mahali pa kusimama akichaguliwa na mtu mwingine. Nilimwuliza anataka kusimama wapi. Akasema atajua akifika.

Safari ya kufika naipitia haraka, maana ilikuwa ya kukaa tu: matatu hadi Misikhu, nyingine hadi Kitale, basi la usiku hadi Nairobi, treni hadi Mombasa, kisha basi la kuvuka mpaka pale Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, na boti ya saa mbili hivi hadi bandari ya Malindi, mjini Zanzibar, ambako pasipoti hugongwa tena ingawa umetoka Dar. Kilichonikaa akilini njiani ni kwamba njia yenyewe ni ya kale. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipanda kwa miguu hadi Mumias, mahali walipopaita Kwa Sundu, wakitafuta pembe za ndovu. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika huko mwaka 1883, sehemu ya safari yake alikwenda pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyezijua nchi za bara. Watu wa pwani wametuona zamani sana. Sisi ndio tumechelewa kuwarudishia ziara.

Gari lilikuwa dogo, la milango mitatu, rangi yake imepauka kwa jua na chumvi. Mwenyewe alitaja bei kwa dola. Mume wangu akaigeuza kimoyomoyo kuwa magunia ya kilo 90, akashusha pumzi, wakaanza kuvutana bei. Mwishowe tulipewa ufunguo, gurudumu la akiba na kibali cha muda cha kuendesha gari Zanzibar, ambacho mwenye gari alituchukulia. Shika kibali hicho karibu, alituambia, pamoja na leseni, na ujaze mafuta mjini kabla ya kwenda mashariki. Ushauri ulikuwa mzuri. Vizuizi vya polisi ni vingi, tena kila askari aliyetusimamisha alianza na salamu ndefu kabla ya kuuliza karatasi. Wakisikia Kiswahili chetu walicheka kidogo, wakauliza, "Wakenya nyie?" na kuturuhusu tupite.

Kuendesha Unguja si kazi kubwa kwa mtu aliyezoea barabara ya Naitiri hadi Brigadier wakati wa mvua. Magari hupita kushoto kama kwetu, lami ya njia kuu ni nzuri, na kisiwa chote kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kinachochosha ni macho. Kuna Vespa zilizobeba familia nzima, baiskeli zenye mzigo wa majani mapana kuliko njia, daladala namba 116 ya Nungwi inayosimama bila taarifa, na gari za ng'ombe. Hizo ndizo zilimfurahisha mume wangu. Ng'ombe mmoja wa nundu, mkokoteni wa matairi, kijana amelala juu ya mzigo, ng'ombe anajua njia. Sisi tunafunga wawili au wanne wa kulimia. Alisimamisha gari mara ya kwanza kwa ajili ya kuangalia nira. Ufukwe tulikuwa bado hatujauona.

Tulianza kwa kwenda mashariki. Unatoka mjini kwa njia ya Amani, unapita Mwera au Tunguu, na kwa mwendo mrefu kila kitu ni kijani: minazi, migomba, mihogo, mifenesi. Sehemu za Bungi miembe mikubwa imepangwa pande zote mbili za barabara, miti inayohusishwa na Bi Khole, mmoja wa mabinti wa Sultani Seyyid Said. Halafu, bila kilima wala mto wa kukuonya, udongo unaisha. Nasema unaisha kwa maana yake halisi. Baada ya Jozani ardhi inakuwa jiwe la matumbawe, jeupe na kijivu, lenye meno, na vichaka vifupi vimeota katika nyufa. Wenyeji huita maweni. Mume wangu aliegesha, akashuka, akachutama, akajaribu kuchota udongo kwa mkono. Alipata kiasi cha kujaza kisahani. "Mama watoto," akasema, "hapa watu wanakula nini?"

Wanakula walichokitoa humo humo. Katikati ya mawe tuliona mihogo, viazi vitamu na kunde, kila shina limepandwa kwenye kishimo chenye udongo, na mawe yamepangwa kuzunguka konde kuzuia nguruwe mwitu na mbuzi. Kupima eka hapo hakuna faida, bora uhesabu vishimo.

Jozani yenyewe ni msitu wa hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na ghuba ya Chwaka, na ndiyo makazi makuu ya kima punju, tumbili mwenye mgongo mwekundu ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Barabara inapita katikati yao, kwa hiyo kuna matuta mengi ya kupunguza mwendo, na yamewasaidia, maana magari yalikuwa yakiwaua sana. Mwongozaji alitueleza kwamba kima hawa hula majani ya miembe na mikungu ya mashambani, kisha hula makaa ya jikoni ili tumbo litulie. Watalii wenzetu walipiga picha. Mimi nilimwuliza nani analipa majani na matunda ya wakulima. Akajibu kwamba sehemu ya kiingilio hurudi vijijini. Inatosha? Akatabasamu, akatuonyesha kima mwenye mtoto. Tunaoishi karibu na mto Nzoia na kuwafukuza nyani kwenye mahindi kuanzia alfajiri tunalielewa tabasamu hilo.

Paje ni mji wa hoteli sasa, na Wazungu wanaruka baharini na matanga ya kitambaa. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, na mbali kule, karibu na mwamba, wanawake walikuwa wameinama. Nilivua viatu nikaenda, mume wangu akabaki kwenye kivuli na viatu vyetu. Walikuwa kwenye mashamba ya mwani. Kamba zimefungwa kati ya vijiti, na kwenye kila kamba vipande vya mwani vimening'inizwa kwa nyuzi fupi, mistari na mistari, na mtu na mstari wake. Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Mwani huanikwa, hufungwa kwenye magunia, husafirishwa nje na kutengenezewa vitu vya kugandisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi.

Mama mmoja wa makamo, leso imefungwa kiunoni, maji yakimfika magotini, alinipokea bila kuacha kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kutazama?"

Nilimwambia nimekuja kutazama, ila mimi pia ni mkulima. Hapo akainua uso. Tukazungumza kama watu wa kazi moja. Kalenda yao ni ya mwezi. Bamvua linapokuja na maji kukupwa mbali ndipo hupanda na kuvuna, na maji mafu ni wakati wa kukaa nyumbani na kufunga nyuzi. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini bahari imepata joto na aina hiyo inakufa, inaoza kwenye kamba, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, ambao bei yake ni ya chini. "Anayepanga bei ni mnunuzi," alisema. Nilicheka, nikamweleza kuhusu madalali wetu. Akacheka zaidi. Aliniuliza kama kwetu wanaume wanalima. Nikamwonyesha mume wangu kule ufukweni, chini ya mvinje, amelinda viatu.

Kusini tulipita upesi, Makunduchi hadi Kizimkazi Dimbani, tukaona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Nje ni jengo dogo lenye paa la bati, ungepita bila kugeuka. Ndani, mihirabu imechongwa kwa jiwe lile lile la matumbawe lililomtia huruma mume wangu, na sasa alilitazama kwa heshima. Kizimkazi ni nyumbani kwa Rais Samia Suluhu Hassan, na barabara yake, nikubali tu, ni laini sana.

Kaskazini nako tulikaa siku. Nungwi ina ufukwe mzuri kuliko wote na mafundi wanaojenga majahazi hadi leo, wakipiga kalafati kwa pamba na mafuta, kelele zao zikishindana na muziki wa hoteli ya pembeni. Nimeambiwa watu huenda Nungwi kuona jua likizama. Lilizama, tukaliona, tukala samaki. Sina zaidi.

Nilichotaka kusimulia hasa ni siku ya kurudi, tulipoacha barabara ya pwani na kukata katikati ya kisiwa: Mkokotoni, Mahonda, kisha njia ndogo za kuelekea Kizimbani na Dole. Mahonda kuna miwa na kiwanda cha sukari, na mume wangu, ambaye ndugu zake wa Bukembe wameisubiri kampuni ya sukari ya Nzoia iwalipe tangu nikiwa bi harusi, alipita hapo bila kupunguza mwendo. Baada ya hapo udongo ukarudi. Mwekundu, mzito, wenye kina. Mikarafuu imesimama mirefu na minyoofu, chini yake migomba, pilipili manga imepanda juu ya mifenesi, mdalasini, iliki. Kila kitu kimepandwa juu ya kingine.

Kando ya njia alikaa mzee mwenye kofia, mbele yake mafungu ya shokishoki na duriani kadhaa. Tulisimama kununua, tukaishia kukaa kwenye gogo lake hadi kivuli kikahama.

"Mnatoka bara?"

"Kenya, mzee. Magharibi, Bungoma, mahali panaitwa Naitiri."

"Huko kuna karafuu?"

"Mahindi tu."

"Ala! Basi nyinyi ndio mnatulisha sembe." Akamgeukia mume wangu. "Na shamba lako kubwa?"

Mume wangu akasema halifiki eka tatu. Mzee akacheka hadi akashika kofia. "Hata mimi," akasema, "hili ni eka tatu."

Kwa wasiojua, eka tatu kule Unguja ni zaidi ya kipimo. Katika karne ya 19, tangu enzi za Seyyid Said, aliyehamishia makao yake hapa kutoka Oman, udongo huu mzuri wa magharibi na katikati uligeuzwa mashamba ya karafuu ya mabwana, yakilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Wenyeji wengi wakasukumwa kwenye maweni ya mashariki na kusini, kule tulikochota udongo wa kisahani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. (Mwaka huo huo Waquaker wa Uingereza walifika kisiwa jirani cha Pemba kuwahudumia walioachiwa huru, miaka mitano kabla wenzao wa Marekani hawajaanzisha misheni ya Kaimosi, kwetu magharibi mwa Kenya. Mume wangu, aliyelelewa katika kanisa la Friends, yaani la hao hao Waquaker, alikuwa hajui. Amelizungumza tangu hapo kama habari ya ukoo.) Lakini ardhi ilibaki kwa wachache hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Mwaka huo Serikali ikaitaifisha, na kuanzia 1965 ikawagawia maelfu ya familia mashamba, kila familia eka tatu.

Sasa tazama upande wetu. Naitiri, Ndalu, Kabuyefwe, Tongaren, yote hiyo ilikuwa nchi ya Wazungu, ikakatwa mashamba makubwa hasa baada ya Vita vya Kwanza, na Waafrika wakaruhusiwa kuingia kama vibarua. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, siku mbili baada ya Zanzibar. Mpango wa eka milioni moja ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, mashamba ya walowezi yakanunuliwa kwa mikopo na kukatwa vipande kwa ajili ya wakulima wa Kiafrika. Baba mkwe alipata eka 15 kwa njia hiyo. Hakupewa, aliuziwa. Alilipa mkopo wa ardhi ya babu zake kwa miaka mingi, kwa mahindi na maziwa, na hati miliki ilipofika alikuwa ameanza kuota mvi.

Mzee wa shokishoki alisikiliza hayo kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsimulia. Aliuliza mara mbili, "Alilipa?" Kwake hilo ndilo jambo la ajabu. Baba yake yeye hakulipa senti. Lakini hati ya kuuza hana pia, maana Zanzibar ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, na mtu ana haki ya kuitumia tu. Miti ndiyo yenye wenyewe. Unaweza kukuta mkarafuu wa mtu ndani ya eneo la mwingine, na kila mmoja anajua mpaka wa haki yake. Na karafuu zikikauka, mnunuzi halali ni mmoja, shirika la Serikali. Mume wangu akakumbuka miaka ambayo hata sisi hatukuruhusiwa kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, askari wakipekua magunia barabarani. Mzee akasema karafuu nazo zilikuwa zikivushwa usiku kwa majahazi kwenda Kenya. Akatutazama kana kwamba tulizipokea sisi.

Hesabu ndiyo iliyotunyamazisha sote. Eka 15 za baba mkwe ziligawiwa wanawe watano, na baada ya mahari, matanga na karo za shule kumega hapa na pale, sisi tumebaki na chini ya tatu. Mzee alianza na tatu, na ana ndugu na watoto wanaoishi juu ya hizo hizo. Kwa njia mbili tofauti kabisa, moja ya mkopo na hati, nyingine ya mapinduzi na bure, tumekutana kwenye kipimo kilekile. Tofauti ni kwamba zake tatu zina ghorofa. Alitutembeza: chini kabisa manjano na tangawizi, juu yake mihogo na migomba, juu tena mdalasini na mlimau, pilipili imekumbatia mashina, na kichwani kabisa mikarafuu, minazi na mduriani. Hakuna mwezi usiokuwa na kitu cha kuuza. Sisi tunaweka mahindi peke yake, ukuta kwa ukuta, na mwaka yakipigwa na viwavijeshi tunalala njaa pamoja nayo. Mume wangu hakusema kitu, lakini aliuliza maswali ambayo hajawahi kumwuliza afisa wa kilimo wa wadi yetu: kivuli kinazidi lini, mizizi inagombana vipi, mkarafuu unachukua miaka mingapi kuzaa.

"Karafuu kwenu hazitaota," mzee alimwambia. "Baridi. Lakini miti gani inaota kwenu?"

Tulianza kutaja. Parachichi linaota, na soko lipo. Kahawa, Bungoma inaijua. Ndizi. Maharagwe tunayo tayari, katikati ya mahindi. Mpapai, ukiukinga. Mume wangu aliandika kwenye mgongo wa karatasi ya kukodi gari, na ndiyo maana hatukuweza kuirudisha. Mimi nilitetea kona ya mahindi. Ugali hausongwi kwa parachichi. Ubishi huo tuliuanza kwenye gogo la mzee, ukaendelea Kizimbani, ukapita Bububu, na hatujaumaliza.

Tulinunua shokishoki na duriani mbili. Mzee alizifunga kwa majani ya mgomba na kutuonya tusizipeleke hotelini, wanazikataza. Kwa hiyo zililala garini, madirisha yamefungwa, usiku wa kaskazi.

Asubuhi mwenye gari alikuja kulichukua. Alizunguka akikagua mikwaruzo, akapima mafuta, akauliza karatasi yake. Nikamwambia ina mipango ya shamba, tutamlipa nakala. Kisha akafungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akaziba pua.

"Duriani hizi," akasema, "mmezimaliza, au imebaki?"

Ilikuwa imebaki moja. Tukaipasua hapo hapo juu ya boneti, na pesa ya kuosha gari haikutajwa tena.